Gari Linalozima Njiani na Kuwaka Mbele ya Fundi

Hitilafu ya kudumu katika injini ni rahisi kwa namna yake: gari haliwaki, fundi analikuta haliwaki, anapima hatua kwa hatua mpaka anafika penye tatizo. Hitilafu inayokuja na kuondoka ni jambo jingine kabisa, kwa sababu inapotokea fundi hayupo, na fundi anapokuwepo yenyewe haipo. Gari linazima katikati ya msongamano wa Mtwapa saa saba za mchana, linakataa kuwaka, kisha baada ya muda linawaka kana kwamba halikuwa na neno, na ukilifikisha gereji linaunguruma vizuri mpaka unaona haya. Hapo fundi hufanya lile analoweza, yaani hubadilisha kifaa anachokishuku, mwenye gari hulipa, na baada ya siku chache gari linazima tena vile vile.

Simlaumu fundi. Wengi wetu hatukubali kulipia nusu siku ya kupima ambayo mwisho wake ni kuambiwa hakuna kilichoonekana, lakini tunalipa bila kunung'unika tukionyeshwa pampu mpya ndani ya boksi lake. Tumewazoesha mafundi kuuza vipuri badala ya kuuza fikra. Ndiyo maana naamini kwamba hitilafu ya aina hii ni kazi ya mwenye gari kwanza, kwa kuwa yeye ndiye anayekuwemo ndani ya gari inapotokea. Kinachotakiwa si ufundi mkubwa bali ni kuweka mashahidi mapema, kabla ya tukio, ili gari likizima liache ushahidi nyuma yake.

Gari ninalolizungumzia ni Hiace ya zamani ya kizazi cha H100, kile kilichoanza mwaka 1989, yenye injini ya petroli ya lita 2 inayotumia injekta, yaani vinyunyizio vya petroli vinavyoamriwa na kompyuta, badala ya kabureta. Injini imelala chini ya viti vya mbele, kwa hiyo kuiona ni kukunja kapeti, kufungua vibano na kuinua kiti. Uzuri wa mpangilio huo ni kwamba unaweza kupima huku mvua inanyesha. Ubaya wake ni kwamba dereva huchemka kabla ya injini. Tunalitumia Kilifi, pwani ya Kenya, kubebea viti, mahema na masufuria ya shughuli, na mara moja moja hushuka Mombasa kuchukua bidhaa. Lilifika kwetu likiwa limepita mikononi mwa watu kadhaa, na jua likilipiga kwa ubavu, chini ya rangi nyeupe bado unaona alama ya mstari wa manjano uliozunguka bodi enzi zake za matatu, yaani gari la abiria.

Kabla ya kushika spana tulianza na daftari. Kila gari lilipozima, dereva, ambaye ni shemeji yangu, aliandika saa, mahali, kiasi cha mafuta kwenye geji, uzito wa mzigo, hali ya hewa, mshale wa joto ulikuwa wapi, gari lilizima kwa namna gani na lilichukua muda gani kuwaka tena. Yanaonekana mambo madogo, lakini kumbukumbu ya mtu aliyekwama barabarani huku akipigiwa honi si ya kutegemewa: hukumbuka jua na husahau tuta. Daftari lilipopata kurasa mbili tatu, sura ya tatizo ilianza kujitokeza. Gari halikuwa likizima katika safari fupi za mjini. Lilizima baada ya mwendo mrefu, mara nyingi likiwa limebeba, na mara nyingi muda mfupi baada ya kupita matuta au kipande kibovu cha barabara. Mshale wa joto ulikuwa mahali pake siku zote. Kiasi cha mafuta hakikuwa na uhusiano wowote na tukio, jambo lililopunguza shaka juu ya uchafu ulio ndani ya tangi, maana huo hujionyesha zaidi mafuta yakiwa yamepungua.

Kila mtu aliyelikuta gari hilo limesimama kando ya barabara alisema neno moja: joto. Wengine walitaka tumwagie maji mabomba ya mafuta. Ushauri huo haukutoka hewani. Magari mengi ya kabureta yalikuwa na pampu ya mafuta iliyofungwa kwenye injini yenyewe, iliyovuta petroli kutoka tangini kwa nguvu ndogo, na petroli ilipochemka ndani ya bomba pampu ilibaki ikihangaika na mvuke. Kitambaa chenye maji baridi kilikuwa dawa ya kweli. Katika injini yetu pampu imo ndani ya tangi, inasukuma badala ya kuvuta, na petroli hukaa bombani chini ya shinikizo la karibu bari 3, kwa hiyo kuchemka njiani ni nadra sana. Joto lilihusika, hilo daftari lilionyesha, lakini bado ilibidi kujua ni kitu gani kilichokuwa kikishindwa kulivumilia. Orodha ya vitu vinavyoshindwa vikipata moto na kurudi vikipoa ni ndefu: koili ya cheche, sensa ya mzunguko wa injini iliyo ndani ya distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi), rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ambayo lehemu yake imepasuka ufa usioonekana kwa jicho, pampu yenyewe iliyochoka, na kiungo chochote cha waya kilicholegea.

Njia ya kuipunguza orodha hiyo ni kukumbuka kwamba injini ya petroli inahitaji mafuta, cheche kwa wakati wake, na kompyuta iliyo hai inayoamuru hayo mawili. Gari linapozima kuna dakika chache za thamani kubwa, na mtu aliyejiandaa anaweza kujua mengi ndani yake bila kushuka. Kwanza ni namna ya kuzima. Cheche ikikatika, injini hukatika mara moja, kama mtu aliyezungusha ufunguo. Mafuta yakikatika, shinikizo lililobaki bombani huisha kidogo kidogo, kwa hiyo gari hupoteza nguvu, hutikisika, hukubali kidogo ukiachia akseleta, kisha hufa. La kwetu lilikuwa likifa kwa namna hii ya pili. Gari lenye geji ya mizunguko ya injini lina msaada mwingine wa bure: gari likiwa bado linaviringika ndani ya gia, mshale ukianguka sifuri ghafla ilhali magurudumu bado yanaizungusha injini, mara nyingi umepotea umeme wa cheche au ishara ya mzunguko. Letu halina geji hiyo.

Jambo la pili ni taa ya injini kwenye dashibodi. Ukizima na kufungua ufunguo tena bila kupiga stata, taa hiyo inapaswa kuwaka. Isipowaka, na balbu yake ni nzima, kompyuta haina umeme, na kazi yako ni fyuzi na rilei kuu, si pampu wala koili. Ya kwetu iliwaka kila mara. Jambo la tatu ni cheche yenyewe: tulibeba plagi ya akiba iliyofungwa waya mnene wa kushika bodi, na gari lilipozima tuliichomeka kwenye waya mmoja wa plagi, tukapiga stata na kuitazama. Cheche ilikuwepo, ya buluu na yenye sauti. Jaribio hili hufanywa pasipo na harufu ya petroli wala bomba linalovuja, na mkono ukae mbali na waya, kwa kuwa umeme wa koili hufika maelfu ya volti.

Magari ya Toyota ya kizazi hicho yana kisanduku kidogo cha plastiki chenye kifuniko, na ndani yake matundu yenye herufi. Ukiunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, kisha ukafungua ufunguo bila kuwasha, taa ya injini huanza kukonyeza na kuhesabu namba za makosa yaliyohifadhiwa: namba 12 na 13 zinahusu ishara ya mzunguko, 14 inahusu mfumo wa cheche, na kadhalika. Ikikonyeza mfululizo kwa mwendo ule ule bila kusita, hakuna kosa lililohifadhiwa. Kumbukumbu hiyo hufutika betri ikifunguliwa, na bahati mbaya kufungua betri ndiko kunakopendwa na wengi kama hatua ya kwanza ya matengenezo. Wanafuta maandishi kabla ya kuyasoma. Tulikuwa tumekatazana kuigusa betri, tukasoma, na taa ikakonyeza mfululizo. Hakuna kosa. Watu wengi hapa hukata tamaa, lakini jibu hilo nalo ni habari. Mfumo wa zamani namna hii huamuru pampu ipewe umeme, lakini haukagui kama umeme huo umefika. Pampu inaweza kufa kabisa na kompyuta isiandike chochote, ilhali ishara ya mzunguko au ya cheche ikipotea kuna uwezekano mkubwa wa kuachwa namba. Ukimya wa kompyuta, pamoja na cheche iliyoonekana na namna gari lilivyokuwa likifa, vilielekeza upande mmoja: mafuta.

Fundi aliyelipokea gari alipofika hapo alisema tununue pampu. Kauli yake haikuwa ya ovyo, lakini kati ya betri na pampu kuna fyuzi, rilei, amri ya kompyuta, viunganishi na mita kadhaa za waya unaopita chini ya sakafu, na pampu iliyo ndani ya tangi ndiyo yenye gharama na usumbufu kuliko vyote hivyo. Tena kuna mtego unaowanasa wengi. Injini ikisimama kwa sababu yoyote ile, kompyuta hukosa ishara ya mzunguko na ndani ya sekunde mbili hivi huikata rilei ya pampu, ili gari lililogongana au kupinduka lisiendelee kumwaga petroli. Kwa hiyo mtu anayepima umeme wa pampu gari likiwa limezima, akakuta haupo, hajajua lolote. Swali lenye faida ni nini kilitangulia: je, pampu ilikosa umeme ndipo injini ikafa, au injini ilikufa ndipo pampu ikanyimwa umeme? Jibu la swali hilo hupatikana ndani ya sekunde chache gari likiwa barabarani, na mita iliyo ndani ya sanduku la spana haiwezi kulitoa.

Ndipo tukaweka taa mbili. Nilichukua balbu ndogo za volti 12, zile za kumulikia geji, na soketi zake. Ya kwanza niliilisha kutoka tundu la FP la kile kisanduku, ambalo linapata umeme uleule unaotoka kwenye rilei kwenda kwenye pampu. Ya pili niliilisha kutoka kiunganishi kilicho karibu na tangi, mahali pa mwisho ninapoweza kuufikia waya huo kabla haujaingia kwenye pampu, na waya wake wa kurudi sikuufunga kwenye bodi bali kwenye waya wa athi (wa kurudisha umeme) wa pampu yenyewe pale pale kwenye kiunganishi, ili tatizo likiwa upande wa athi nalo lionekane. Kila waya ulipata fyuzi ya ampea 3 karibu na chanzo chake, kwa maana waya wa majaribio usio na fyuzi, uliopitishwa karibu na tangi la petroli, ni hatari kubwa kuliko hitilafu unayoitafuta. Balbu zenyewe nilizibandika juu ya dashibodi kwa tepu, nikaziandika 1 na 2.

Nasisitiza balbu za waya wa ndani, si za LED. Taa ya LED inaweza kubaki inang'aa huku volti zimeshuka sana, lakini balbu ya kizamani hufifia waziwazi, na katika hitilafu ya waya kufifia ndiko kunakosema kweli kuliko kuzimika.

Baada ya hapo tulikubaliana mapema maana ya kila hali, kwa sababu mtu akiwa kwenye taharuki huona anachotaka kukiona. Gari likifa kwanza halafu taa zote mbili zizimike baada yake, tatizo liko kwenye cheche au ishara, na tumekuwa tukifuata njia isiyo yetu. Taa zote mbili zikizimika kabla ya injini, tazama rilei, fyuzi yake au amri ya kompyuta. Zikibaki zote zinang'aa huku injini inakosa mafuta, hapo ndipo pampu yenyewe au chujio lake linapostahili kulaumiwa. Na ya kwanza ikiwaka huku ya pili inafifia, waya ulio kati ya sehemu hizo mbili una kasoro.

Tulijaza madumu ya maji mahali pa viti vya wateja ili gari lipate uzito wake wa kawaida, tukaondoka Kilifi adhuhuri kuelekea Mombasa, shemeji akiendesha na mimi nimekodolea macho dashibodi. Kwa muda mrefu taa zote mbili ziling'aa sawasawa, na nilianza kufikiri kwamba gari limeamua kutuheshimu. Kisha, tukiwa tumeshapita Vipingo na matuta yake, ya pili ilitetemeka, ikarudi, ikatetemeka tena, ikaanza kupungua.

"Shemeji, ya pili inafifia."

"Basi ndiyo maana. Nakanyaga lakini halivuti."

Injini ilikuwa bado haijazima. Hilo ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote: taa ilitangulia, injini ikafuata. Aliliingiza gari pembeni, likatikisika na kufa. Alipopiga stata, wakati ambao kompyuta huipa pampu umeme tena, taa ya kwanza iliwaka kwa nguvu zilizobaki baada ya stata kuchukua haki yake, na ya pili ikaonyesha wekundu hafifu tu ndani ya kioo. Tulirudia kupiga stata ili kuwa na hakika, tukaona hali ileile. Hatukulala chini ya gari kando ya barabara kuu ambako malori ya saruji yanapita; tulikaa kivulini mpaka likawaka, tukageuza kurudi nyumbani.

Tangu hapo kazi ilikuwa ya kupima tu. Tulilisimamisha mahali tambarare, tukaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, tukaacha bomba la moshi lipoe, milango ikiwa wazi na hakuna moto wala sigara karibu. Injini ikiunguruma na pampu ikifanya kazi, siku ambayo gari lilikuwa na afya kabisa, nilipima volti kwenye tundu la FP nikapata 13.9. Kwenye kiunganishi cha pampu nilipata 12.1. Volti 1.8 zilikuwa zikipotea njiani. Upande wa athi, kati ya waya wa kurudi wa pampu na ncha hasi ya betri, ilipotea 0.1 tu, kwa hiyo kasoro ilikuwa upande wa chanya. Katika waya mzima wa pampu singependa kuona inapotea zaidi ya nusu volti.

Hapa pana jambo ambalo ningetamani kila anayemiliki mita alijue. Hitilafu inayokuja na kuondoka mara nyingi haiondoki kabisa. Inashuka tu chini ya kiwango cha kuzima gari, na ukiipima kwa njia inayofaa utaikuta hata siku njema. Njia isiyofaa ni ile iliyozoeleka ya kuchomoa waya na kuupima ukinzani kwa ohm au kusikiliza mlio wa mita. Pampu yetu ilikuwa ikila ampea 5 hivi, na volti 1.8 kugawanya kwa ampea 5 ni ohm 0.36, kiasi ambacho mita ya bei nafuu hukichanganya na ukinzani wa nyaya zake yenyewe. Waya wenye nyuzi ishirini uliobakiwa na uzi mmoja bado utalia vizuri kwenye mita, kwa sababu mita hupitisha mkondo mdogo mno. Lakini ampea 5 zikipita hapo, volti 1.8 mara 5 ni wati 9 za joto, zote ndani ya kiungo kisichozidi upana wa kidole. Joto huongeza ukinzani, ukinzani huongeza joto, pampu inapata volti chache, shinikizo linashuka, na injini iliyobeba mzigo ndiyo ya kwanza kulalamika. Kila kilichoandikwa daftarini kilipata maelezo: safari fupi haikutosha kupasha kiungo, mzigo ulidai mafuta zaidi, matuta yalikitikisa kilicholegea, na mapumziko kivulini yalikipoza.

Kukitafuta kiungo chenyewe kulihitaji subira zaidi ya maarifa. Nilikuwa na mita iliyofungwa sehemu zote mbili za waya, upande mmoja FP na mwingine kwenye pampu, ikionyesha moja kwa moja volti zinazopotea, na shemeji akipapasa fungu la nyaya taratibu kutoka mbele kwenda nyuma. Alipofika chini ya ngazi ya mlango wa abiria, karibu na mahali ambapo bomba la sailensa linapinda, namba ziliruka kutoka 1.8 hadi zaidi ya 4 na sauti ya injini ikabadilika. Tulizima, tukaacha pampu itulie, tukafungua mpira unaofunika nyaya. Palikuwa na uvimbe wa tepu nyeusi, gundi yake imeyeyuka na kushika vumbi mpaka imekuwa ngumu. Ndani yake waya wa pampu ulikuwa umekatwa zamani, ukaunganishwa na nyaya mbili za rangi nyingine zilizopanda juu kupitia tundu lililotobolewa sakafuni, na hizo nyaya mbili, chini ya kapeti, zilikuwa zimekatwa na kusokotwa pamoja kwa vidole. Shaba ilikuwa ya kijani kwa chumvi ya pwani, na chini ya kijani ilikuwa nyeusi. Nilipoivuta kidogo, nyuzi kadhaa zilibaki mkononi.

Kile kilichokuwa juu ya sakafu hakipo tena, lakini si vigumu kukitambua katika gari lenye alama ya mstari wa manjano. Kanuni za matatu zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, wakati John Michuki akiwa waziri wa uchukuzi, zilitaka kila matatu iwe na mikanda ya usalama, mstari wa manjano na kidhibiti mwendo kisichoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa. Baadhi ya vidhibiti hivyo vilifanya kazi kwa kukata umeme wa pampu au wa cheche gari likizidi kasi, na ili kukiweka ilibidi waya wa kiwandani ukatwe na kupitishwa ndani yake. Gari lilipoacha kazi ya abiria kidhibiti kilitolewa, nyaya zikasokotwa, tepu ikafungwa, na mtu aliyefuata akauziwa gari pamoja na siri yake. Siipingi kanuni yenyewe, kwa kuwa nilipanda matatu kabla yake na nilizipanda baada yake. Lakini waya unaokatwa kwa sababu ya sheria unastahili kuunganishwa kama waya wa kiwandani pale sheria inapokoma kulihusu gari hilo.

Tengenezo lilikuwa fupi kuliko utafutaji. Tulifungua ncha hasi ya betri, tukaondoa nyaya zote mbili za ziada pamoja na kipande chote kilichooza, tukaweka waya mpya wa unene uleule kutoka penye shaba nyekundu safi upande huu hadi penye shaba safi upande ule. Viungo vilibanwa kwa koleo la kubania, vikalehemiwa, vikavikwa mpira unaosinyaa kwa joto, na fungu zima likapandishwa na kufungwa mbali na sailensa. Kulehemu tulikufanya mbali na tangi, tukiwa tumeshahakikisha hakuna harufu ya petroli. Gharama yote ya vifaa haikufika hata robo ya bei ya pampu. Nilipopima tena, volti zilizopotea kati ya FP na pampu zilikuwa 0.2.

Kuhusu kupona, hitilafu ya namna hii haithibitishwi kwa mzunguko mmoja wa mtaani. Gari lililokuwa likizima mara moja kwa wiki mbili haliwezi kusemwa limepona kwa sababu ya siku tatu za amani. Lazima lipite muda mrefu kuliko pengo refu zaidi lililoandikwa daftarini, na katika hali zilezile za mzigo, saa na barabara. Kwa sababu hiyo taa mbili zilibaki juu ya dashibodi wakati wote huo, na abiria walizoea kuuliza ni za nini. Siku hizi taa ya pili inang'aa sawa na ya kwanza hata tukiwa tumekwama Mtwapa na jua la utosi.

Kwa aliyenunua gari lililowahi kuwa la abiria, au lenye king'ora na kifaa cha kulifuatilia kilichofungwa na mtu asiyejulikana, ningeshauri ainue kapeti kabla gari halijaanza kumsumbua, afuate kila waya ambao rangi yake hailingani na wenzake, na apime volti zinazopotea kwenye pampu, kwenye koili na kwenye rilei kuu huku injini inafanya kazi. Katika la kwetu tulikuta mabaki mengine mawili: waya wa kidhibiti ulioachwa nyuma ya geji ya mwendo, na rilei ya king'ora cha zamani iliyochomekwa kwenye umeme wa cheche chini ya usukani. Wa kwanza tumeshauondoa. Ya pili inasubiri Jumapili ambayo hatuna arusi.